Mtaro Wangu na Jumapili ya Uumbaji

Jumatatu, 3 Machi

Mchungaji kaja karakanani leo asubuhi. Peke yake! Bila simu, bila kutanguliza mtu. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, pini tatu mdomoni. Nilipoona viatu vyake mlangoni, nusura nizimeze zote.

Nikajua: amejua.

Akaketi kwenye kiti ambacho bado sijakitia springi. Akazama hadi magoti yakakaribia kidevu. Hakulalamika. Mtu asiyelalamika hunitia hofu. Akauliza hali ya nyumbani. Njema. Hali ya kazi. Njema. Hali ya mama mkwe kule bondeni tangu mafuriko ya Novemba. Hapo nililowa jasho hadi nyayo. Sikujua kuwa nyayo hutoka jasho.

Kumbe alikuja kuniomba nihubiri! Jumapili hii ni Jumapili ya Uumbaji. Amesikia kwamba kanisani hakuna anayezungumzia mabadiliko ya tabianchi kama mimi. Msibani, harusini, kwenye foleni ya kinyozi. Anataka neno kuhusu haki: nani anaiharibu dunia ya Mungu, na nani anaumia. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Ningesema ndiyo hata kama angetaka figo.

Alipoondoka ndipo akili iliponirudia. Nikakaa sakafuni.

Niandike ukweli hapa, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nyuma ya karakana yangu palikuwa na mtaro. Ulipokea maji ya mtaa wa juu, ukayazungusha nyuma ya kanisa, ukayapeleka mtoni. Mwezi wa Agosti niliuziba. Ulikuwa mkavu! Niliujaza kifusi na magunia ya mabaki ya sponji, nikamwita mwashi akamwaga zege juu, nikajenga stoo. Makochi yangu hayakuwa na pa kukaa. Mke wangu aliuliza maji yatapita wapi. Nikasema mwashi ameweka bomba chini. Wazee wenzangu wa kanisa wakauliza. Bomba. Majirani wakauliza. Bomba, tena pana.

Hakuna bomba. Mwashi amehamia mji mwingine, Mungu ambariki hukohuko.

Novemba mvua ilishuka ikakuta njia imefungwa. Ikapita ubavuni mwa kanisa, ikaingia mtaa wa bondeni. Mama mkwe alipoteza kuku tisa na godoro. Watu wakaanza kuulizana. Mimi nikawahi: tabianchi! Nikaeleza moshi wa viwanda, barafu inayoyeyuka, bahari inayopata joto. Nilikuwa nimesoma gazeti moja tu, lakini nililisoma vizuri. Tangu hapo naitwa Mzee Tabianchi.

Na Jumapili hiyohiyo, baada ya ibada, tunamchagua mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Ni mimi au mwalimu mstaafu wa jiografia, yule tunayemwita Barometa kwa sababu amesimika mkebe wa kupimia mvua uani kwake. Mtu wa daftari. Kalamu nne mfukoni. Simpendi.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua Biblia kutafuta andiko. Andiko dogo tu, lisilo na meno.

Mwanzo mbili: mtu amewekwa bustanini ailime na kuitunza. Kuitunza! Nikafunga. Zaburi ya ishirini na nne: nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Vyote, yaani na mitaro. Nikafunga. Ufunuo kumi na moja: umefika wakati wa kuwaharibu hao waiharibuo nchi. Hiyo niliifunga kwa kishindo hata chai ikamwagika.

Nikasema niende kwa manabii. Wale ugomvi wao ulikuwa na wafalme, hawawezi kuwa na neno na fundi makochi. Isaya tano: ole wao waongezao nyumba juu ya nyumba hata nafasi isibaki. Nikageuka nyuma. Kweli niligeuka, nione kama kuna mtu ananiangalia. Dirishani ilionekana stoo yangu, imetulia kama haijafanya kitu.

Nimemwomba mke wangu anitafutie andiko la uumbaji lisilotaja ardhi, maji, jirani wala hukumu. Alikuwa anapiga pasi joho lake la kwaya. Pasi ikabaki hewani. Akasema basi nihubiri zile kurasa za mwisho, za vipimo vya kale. Nikaenda kutazama. Hata humo kuna mizani.

Alasiri Barometa alipita. Alilamba kidole, akakiinua juu. Akasema upepo umegeuka. Nikasema haujageuka. Akasema mvua ni Jumamosi jioni au Jumapili asubuhi. Nikasema mvua za Machi huanza kwa manyunyu. Akasema hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi mvua ya wiki mbili hushuka kwa saa moja, na si mimi mwenyewe ninayewaambia watu hivyo kila siku?

Ndiyo, mimi mwenyewe. Ulimi wangu umenisokotea kamba.

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Nimepotewa na sauti.

Niliamka nikiwa bubu. Nilimwonyesha mke wangu koo kwa kidole. Akaniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda, akachemsha tangawizi, akakaa mbele yangu mpaka nikaimaliza. Ilikuwa ya moto kweli. Sikuweza hata kupiga kelele, maana sina sauti.

Karakanani nilifanya kazi kwa ishara. Mteja mmoja alitaka kochi la kijani. Kwa ishara zangu nimemwahidi la watoto. Si kitu. Nikamwandikia Mchungaji barua fupi: koo limefunga, kwa masikitiko makubwa, ampe Barometa mimbari. Hapo nilijiona mjanja. Mvua ikishuka, imshukie yeye akiwa mimbarini.

Saa tisa Mchungaji akafika na wamama watatu wa maombi. Nilijua wataniombea kwa mbali. La. Walinizunguka. Mmoja alinishika koo, mwingine kichwa, wa tatu, mwenye nguvu kuliko wote, mabega. Mchungaji akafumba macho, akaomba kwa ile sauti yake ya chini: ee Bwana, unayejua yote yaliyofichwa, unayeona hata yaliyo chini ya ardhi…

Chini ya ardhi! Nywele zilinisimama. Nikapiga kelele "Amina!" ili aishie hapo. Mtaa mzima ulisikia.

Wamama wakapiga vigelegele. Muujiza. Mchungaji akanikumbatia. Sasa sihubiri tu. Nahubiri nikiwa na ushuhuda.

Alhamisi, 6 Machi

Sikulala vizuri. Kila nikifumba macho nasikia maji.

Asubuhi nikajiuliza: kwani watu wanaogopa nini? Wanaogopa kwamba bomba limeziba. Basi waone bomba. Nilikuwa na kipande cha bomba la plastiki, urefu wa mkono, jeusi, zuri. Nikashuka nyuma ya stoo upande wa chini, nikachimba kwa patasi, nikalichomeka ukutani. Likatokeza ncha kama bomba lolote la heshima. Ukiliona, huwezi kujua kwamba nyuma yake kuna zege. Nikapaka tope kidogo ili lionekane la siku nyingi.

Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Mama mkwe! Nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope, mikono hadi kwenye viwiko. Sikuwa na shati! Mbele ya mama mkwe! Nikajifunika kwa karai. Yeye akageuza uso kwa adabu, akazungumza na ukuta. Akaniuliza kama nasafisha bomba. Nikasema ndiyo, Mama. Akasema Mungu anibariki, kwa kuwa mimi mkwe wake ninawakumbuka watu wa bondeni kabla mvua haijaja. Akasema kitanda chake sasa kimesimama juu ya matofali manne kila mguu, na analala akishikilia ukuta asianguke.

Kisha akasema neno ambalo bado linaniwasha. Alilisema taratibu, kwa ukuta.

"Baba, mimi nauliza tu. Mungu ana nini na sisi wa chini? Mvua inanyesha kwa wote. Mbona inatuadhibu sisi?"

Nikasema ni tabianchi, Mama.

Akaitikia. Akaenda zake. Nilibaki na karai kifuani. Nilitaka kumwita. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha nikafikiria kura ya Jumapili, nikaufunga.

Jioni mtaa wa bondeni wote umeshajua kwamba nimezibua bomba. Wanawake wawili wamekuja kunishukuru. Mmoja alilia. Sina raha hata kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya kuliko zote!

Barometa kaja na ndoo. Kasikia habari za bomba. Kafurahi sana, ila yeye ni mtu wa majaribio. Anataka kumwaga maji upande wa juu wa stoo aone yanachukua dakika ngapi kutoka upande wa chini. Akaandike kwenye daftari. Akaniuliza kipenyo cha bomba. Nikasema cha kutosha.

Fikiri, kichwa, fikiri! Nikamwambia yeye amwage juu, mimi nitakaa chini nitazame. Nilipita jikoni mbio, nikachukua birika. Nikajificha nyuma ya pembe ya ukuta. Akaita kwamba anamwaga. Nikahesabu hadi kumi na tano. Nikalimimina birika lote ndani ya bomba langu, nikaliinamisha kidogo, maji yakarudi nje yakichuruzika vizuri kabisa. Nikaita: yametoka, Mwalimu! Nilikaribia kucheka.

Akashuka mbio, kalamu zikigongana mfukoni. Akainama. Akayatazama yale maji kwa muda.

"Ni meupe," akasema.

Nikasema ni safi, ndiyo.

"Nilitia wino wa bluu."

Nikaona nyota mchana. Birika lilikuwa nyuma ya mgongo wangu na bado lilikuwa linadondoka kisiginoni. Nikasema mchanga hapa kwetu unachuja sana.

Hakusema kama ni uongo au ni kweli. Alitoa kalamu, akaandika mistari mitatu. Nilijaribu kuisoma kichwa chini miguu juu; niliona neno "birika". Nikamwomba asiseme kitu mpaka tuhakikishe. Akasema mwalimu hatoi hukumu kwa jaribio moja. Atasubiri jaribio la pili. Akatazama mawinguni.

Ningependa anitukane. Mtu akikutukana unajua ulipo.

Jumamosi, 8 Machi

Mawingu. Yalianza upande wa mtoni saa nne, meusi chini kama sufuria la kuni.

Nimeomba jua. Mimi, mzee wa kanisa, niliyeandaliwa kuhubiri juu ya ardhi iliyokauka na mkulima anayelia, nimepiga magoti stoo kati ya makochi mawili nikaomba mvua isinyeshe. Eliya aliomba hivyo, na Yakobo anasema alikuwa mtu kama sisi. Yeye alipata miaka mitatu na nusu. Mimi sikutaka makuu. Saa mbili tu! Kuanzia saa tatu asubuhi hadi kura zihesabiwe.

Nilipotoka nikasikia kuimba kanisani. Ni wale wamama wa maombi. Wana mbegu ardhini na wanaomba mvua. Wako kumi na wanane. Tena wanafunga. Nani atanisikiliza mimi niliyekunywa chai na mkate?

Mchungaji ameleta masomo aliyochagua yeye. Amosi tano na Ezekieli thelathini na nne. Nikasoma ya Ezekieli nimesimama, nikaketi. Mungu anawauliza kondoo wanono: haikuwatosha kunywa maji safi, hata mkayachafua kwa miguu yenu yale wanayobaki nayo wenzenu? Kayachagua kwa nini haya? Anajua? Hajui? Nikamtazama usoni. Anatabasamu. Siku zote anatabasamu!

Lakini usiku haujafika na nimeshapata njia. Nitahubiri juu ya walio mbali. Viwanda vya ng'ambo, meli kubwa, wenye mabomba ya moshi marefu kama minara. Yote ni kweli, na hakuna hata mmoja wao atakayekuwa kanisani. Kadiri dhambi ilivyo mbali, ndivyo mhubiri anavyopata nguvu.

Jumapili, 9 Machi

Naandika saa kumi na moja jioni.

Saa tatu mbingu ilikuwa imefunga lakini kavu. Nikasema asante. Kanisa lilijaa. Mama mkwe aliketi safu ya pili, amevaa kitambaa chake kipya cha kichwa. Barometa karibu na mlango, daftari magotini. Mke wangu alisoma Amosi: hukumu na itelemke kama maji, na haki kama mto usiokauka. Alipofika kwenye "maji" tone la kwanza liligonga bati. Moja. Kama mtu anayebisha hodi.

Nikapanda mimbarini.

Nianze wapi? Nilihubiri vizuri! Sijui zilitoka wapi zile nguvu. Labda hofu. Nikasema Mungu aliumba akaona ni vyema, kisha akatukabidhi kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo wa nyumba. Nikasema kuna watu wamekaa juu, wakajikusanyia, wakajijengea, na taka zao wakazimwaga penye mteremko. Nikasema walio chini hawakuchafua kitu, ila ndio wanaozama! Watu wakasema amina. Nikasema wale wa juu wakiulizwa husema hawajui, husema ni hali ya hewa! Amina kubwa. Mama mkwe ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote. Aliinua na mkono.

Nikajisikia. Nikasikia nilichosema.

Hapo ndipo mvua ilipofunguka. Haikuongezeka, ilifunguka. Mabati yakalia hata sikuisikia sauti yangu. Mama mkwe akainuka katikati ya sentensi, akatoka, kiatu kimoja mkononi. Nilijua anakwenda kwa kuku zake na kitanda chake. Ilinipasa kushuka pale. Naandika tena: ilinipasa kushuka pale. Sikushuka. Nilipaza sauti, nikarudi kwenye viwanda vya ng'ambo.

Maji yakaingia chini ya mlango wa ubavuni. Kwanza ulimi mwembamba. Kisha yakaja na vitu. Kipande cha sponji cha njano, ukubwa wa mkate. Kingine. Kumi. Vikaelea kati ya mabenchi kama bata. Watu wakainua miguu. Wakanitazama, maana ni nani mwingine mtaani mwenye sponji? Nikaendelea kuhubiri! Nilisema kitu juu ya barafu.

Kisha likaja bomba langu.

Lilielea taratibu kutoka mlangoni, jeusi, la urefu wa mkono, likajigonga kwenye benchi la Barometa na kusimama. Akaliokota. Akalikung'uta. Akaliweka jichoni kama darubini, akanitazama kupitia humo, kutoka mwisho wa kanisa hadi mimbarini.

Lilikuwa wazi pande zote mbili.

Sijui ningesema nini. Mlango wa mbele uligongwa, mwalimu wa kwaya akaingia amelowa chapachapa, akapiga kelele kwamba ukuta mmoja wa bondeni umeanguka. Hapo nikashuka. Nilimpita Mchungaji, nilimpita mke wangu, nikakimbia.

Maji yalikuwa kiunoni mtaa wa bondeni, mekundu, yenye nguvu, yananisukuma mgongoni kama mtu mwenye haraka. Vipande vyangu vya sponji vilikuwa vinanipita. Nikafika kwa mama mkwe. Mlango ulikuwa umebanwa na maji. Nikaita "Mama!" Kimya. Nikaita tena. Maji tu. Nikapiga mlango kwa bega, haukusogea. Sijawahi kuogopa hivyo. Hofu ya wiki nzima ilikuwa mchezo. Ile nilijihofia mimi. Nikasema, Bwana, chukua uenyekiti, chukua karakana, mtoe huyu mama. Nililia. Mvua ilinisaidia, haikuonekana.

Mtu akanishika. Barometa, maji kifuani, miwani haina kioo kimoja. Akaniambia tusukume pamoja akihesabu tatu. Alihesabu. Mlango ukakubali.

Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya meza, ameinamisha kichwa chini ya dari, kuku mmoja kwapani. Kitanda kilikuwa kimeanguka pamoja na matofali yake. Nikageuka nikampa mgongo, nikasema apande. Akakataa! Akauliza ni wapi mtu amewahi kuona mama mkwe anabebwa mgongoni na mkwe. Maji yamefika ukingo wa meza, yeye anazungumzia heshima.

"Mama," Barometa akasema, "adabu tutaikuta huko juu."

Akapanda. Yeye na kuku. Tulitembea kwa kushikilia kuta, Barometa mbele akipima kina kwa mguu. Tulipofika penye kona, mama mkwe akaniinamia sikioni.

"Baba."

"Naam, Mama."

"Lile bomba ulilokuwa unasafisha Alhamisi. Lina urefu gani?"

Nilipiga hatua nyingine tatu kabla ya kujibu.

"Wa mkono, Mama."

"Mkono wa nani?"

"Wangu."

Alinishika mabega kwa nguvu zaidi, si kwa upendo, bali asianguke. Kuku ndiye aliyenidonoa.

Hakuna aliyekufa. Vyumba viwili vimebomoka. Familia sita zitalala kanisani leo juu ya mabenchi. Kura hazikupigwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mchungaji aliita watu saa mbili, mbele ya stoo yangu. Alikuwa na lile bomba mkononi. Hakulitikisa, hakunionyesha. Alilishika tu. Aliniuliza kama nina neno.

Nilikuwa nimetayarisha neno zuri lenye mwashi ndani yake. Mwashi aliyehama, mwashi aliyenidanganya. Nikafungua mdomo. Nikamwona mama mkwe amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kuku magotini, nguo zake bado zina tope. Nikasema: bomba halikuwepo. Niliuziba mtaro mimi. Tangu Agosti.

Mke wangu akaniangalia kama vile mtu anavyomtazama mgeni asiyemjua aliyeingia nyumbani. Sitaki kuandika zaidi juu ya macho yale.

Wengine walipiga kelele. Mmoja alinitupia kiatu, kikampata Barometa. Yeye Barometa alisema mvua kweli zimebadilika, ana daftari la miaka ishirini na mbili, na waliozibadilisha hasa hawako hapa. Ila ndiyo maana mtaro ni wa lazima kuliko zamani, si pungufu. Alisema ukweli mmoja hauwezi kutumika kama pazia la mwingine. Nilimchukia kwa jinsi alivyosema vizuri.

Mama mkwe alisubiri kelele ziishe.

"Nimemlaumu Mungu miezi minne," alisema. "Kila usiku. Sasa nianzie wapi kumtaka radhi?"

Mimi nilitazama viatu vyangu. Kisha akasimama, akampa mke wangu yule kuku, akachukua nyundo kubwa kutoka mikononi mwa mtu, akaipiga stoo yangu. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili lilitoa kipande. Wamama wa bondeni wakajiunga naye.

Nilichimba hadi saa kumi. Viganja vimechubuka, siwezi kushika pini. Zege langu lilikuwa zuri, lazima niseme. Lilituchukua saa sita. Gunia la mwisho la sponji lilipotoka, maji yaliyokuwa yamesimama mtaa wa juu yakasita kidogo, kisha yakaikumbuka njia. Yakaenda. Watu wote tuliyasikiliza. Mke wangu alikuwa amesimama karibu nami. Hakunishika, lakini alikuwa karibu.

Nimesimamishwa uzee wa kanisa miezi sita. Barometa ni mwenyekiti, kwa kunyoosha mikono. Na mimi nilinyoosha. Mchungaji ananitaka nisaidie kujenga upya vile vyumba viwili, na mama mkwe atakaa kwetu hadi nyumba yake ikauke. Nimemwachia kitanda. Ni haki. Kila akipita ninasimama wima.

Nimelia tena leo, peke yangu, nyuma ya kochi. Namshukuru Mungu kwa somo hili. Mimi ni mtu mpya.

Jumatano, 12 Machi

Jua. Mtaro unapitisha maji vizuri, mwembamba, una sauti nzuri hata.

Leo mchana mbuzi wa jirani ametumbukia. Tumemtoa mzima. Lakini nimewaza: leo mbuzi, kesho mtoto! Mtaro wazi hivi, nyuma ya kanisa, watu wanapita na Biblia mikononi hawatazami chini. Nikashikwa na hofu. Hofu ya kweli, ya jirani, si ile ya zamani.

Nimeandika barua kwa mwenyekiti. Kwa unyenyekevu. Nimependekeza mtaro ufunikwe kwa mifuniko ya zege, kipande cha nyuma ya karakana tu, kwa kuanzia. Maji yatapita chini kama kawaida. Zege nitalitoa mimi mwenyewe, kama toba. Nimenukuu na Mwanzo mbili, kuitunza.

Juu ya mifuniko patabaki nafasi tupu. Sisemi stoo! Stoo nimeikana mbele ya watu. Ni kivuli tu, turubai na nguzo nne, wateja waone bidhaa bila kuchomwa na jua. Nguzo zitahitaji kushindiliwa kidogo pembeni, kifusi kipo.

Nimeshapima kwa hatua mama mkwe alipokuwa amelala. Yanaingia makochi mawili. Matatu, yakisimamishwa.